Vyumba vya juu vinachemka? Namna ya kupoza ghorofa lako Moshi na Arusha

Kuanzia Januari mpaka masika yaanze, maswali huwa ni yale yale. "Fundi, chini tunalala vizuri, juu hakulaliki." "Nimefunga feni, inanipulizia joto." "Ninunue kiyoyozi cha ukubwa gani?" Wengi wanaouliza ndiyo kwanza wamehamia ghorofa lao, wamelijenga miaka kwa kudunduliza, na sasa watoto wanashusha magodoro kulala sebuleni. Nyumba ya namna hiyo inatengenezeka, na mara nyingi kwa pesa ndogo kuliko ya kiyoyozi, ila kazi ifuate mpangilio wake.

Mpangilio wenyewe ni huu: kwanza joto la paa, pili jua la magharibi, tatu hewa ya usiku, na vitu vya umeme vije mwisho. Wengi wanaanza na umeme, wanatumia hela, halafu wanabaki na dari ile ile inayowaka juu ya vichwa vyao.

Joto linaingilia wapi

Sitakuchosha na nadharia. Jua mambo matatu tu.

La kwanza, sisi tuko nyuzi tatu na kidogo kusini mwa ikweta. Jua la mchana linapita karibu na utosi mwaka mzima, kwa hiyo paa linapigwa kuliko ukuta wowote wa nyumba. Bati la rangi ya giza, saa 7 mchana mwezi wa Februari, huweza kupita digrii 60. Bati linaichoma hewa iliyo juu ya dari na linaimulika dari yenyewe kwa joto, nayo dari inakumulika wewe kitandani. Chumba cha chini kina slabu na ghorofa zima la kukikinga. Cha juu kina bati na jipsamu nyembamba.

La pili, ukuta na madirisha yanayotazama magharibi hupigwa na jua la pembeni kuanzia saa 8 mchana mpaka linazama. Ukuta wa bloku unanyonya joto hilo polepole, kisha unalitoa ndani saa kadhaa baadaye. Ndiyo maana chumba cha magharibi kinakuwa kibaya zaidi saa 3 usiku, wakati nje kumeshapoa.

La tatu, hewa ya moto hupanda. Joto la jiko, la friji na la watu wote walioko chini linapita kwenye ngazi kama moshi kwenye dohani, likifika juu bila mahali pa kutokea linakaa hapo.

Moshi mjini ipo kati ya mita 800 na 900 hivi juu ya usawa wa bahari, Arusha karibu mita 1,400. Kwa hiyo mtu wa Pasua au Njoro atahitaji karibu hatua zote zilizo hapa chini. Wa Sakina au Ilboru anaweza kuishia hatua ya tatu akalala kwa raha.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Kipimajoto cha kawaida cha ukutani. Viwili ni bora: kimoja chini, kimoja juu.
- Tochi, ngazi imara, na njia ya kupanda juu ya dari. Kama fundi hakuacha mlango wa dari, kata mmoja kwenye korido au stoo.
- Barakoa, glovu, miwani na nguo ya mikono mirefu.
- Foili ya paa. Chukua ile iliyosokotwa kwa nyuzi, isiyochanika kwa mkono. Foili ya jikoni haifai kabisa.
- Stepla ya kufungia au misumari midogo yenye vichwa vipana, na utepe wa foili wa kuungia.
- Luva au vifuniko vya matundu ya hewa, na wavu wa chuma wenye macho madogo.
- Fundi umeme wa kukagua waya zilizo juu ya dari kabla ya mtu mwingine kupanda.

Wakati mzuri wa kazi za paa ni Agosti na Septemba. Kumekauka, baridi ya Julai imepungua, vuli bado, na mafundi hawajabanwa sana. Ukishikwa na shida Februari bado unaweza kufanya, lakini fanya alfajiri hadi saa 3 asubuhi, basi. Kuanzia saa 5 juu ya dari kuna joto la kumwangusha mtu mzima.

Hatua ya 1: Pima, usikisie

Siku ya jua kali, weka kipimajoto katikati ya chumba cha juu kinachokusumbua, mbali na dirisha, usawa wa kitanda. Kingine kiweke sebuleni chini. Andika namba saa 2 asubuhi, saa 9 alasiri na saa 3 usiku. Fanya hivyo siku tatu.

Halafu tumia kiganja. Saa 9 alasiri panda kwenye kiti, bandika kiganja kwenye dari. Kisha kibandike kwenye ukuta wa ndani wa chumba hicho hicho. Dari ikiwa ya moto na ukuta wa kawaida, ugonjwa uko kwenye paa. Rudia saa 2 usiku: ukuta wa magharibi ukiwa wa moto kuliko ukuta wa mashariki, una tatizo la pili pia. Kwenye nyumba nyingi za bati kiganja hakivumilii kubaki darini muda mrefu, na hapo mwenye nyumba anaelewa bila kuambiwa.

Hizo karatasi zitunze. Baada ya kila hatua utapima tena, na utajua pesa yako imekwenda wapi.

Hatua ya 2: Lipe paa pumzi

Panda juu ya dari asubuhi na tochi. Zima tochi. Unaona mwanga wowote wa nje kwenye kingo za paa? Kama ni giza tororo, hewa ya moto haina pa kutokea, na hilo ndilo ninalolikuta kwenye nyumba nyingi mpya: mafundi wanaziba kingo zote kwa mbao au PVC ili nyumba ipendeze.

Unahitaji matundu ya chini, kwenye dari ya nje inayozunguka kingo za paa, na matundu ya juu, karibu na kofia za bati kule kileleni mwa paa, au kwenye pembetatu ya ukuta chini ya paa. Hewa baridi iingie chini, ya moto itoke juu. Matundu ya upande mmoja tu hayafanyi kazi.

Kipimo wanachotumia wajenzi wengi ni hiki: chukua eneo la dari, gawanya kwa 300. Dari ya mita 10 kwa 9 ni mita za mraba 90, kwa hiyo inataka angalau mita za mraba 0.3 za uwazi halisi, nusu chini, nusu juu. Luva na wavu vinakula karibu nusu ya tundu, hivyo zidisha mara mbili. Kwa nyumba hiyo, matundu manne ya sentimita 30 kwa 30 chini na manne juu yanatosha. Ukiongeza, hutaharibu kitu.

Onyo: kila tundu liwe na wavu, na wavu uwe wa chuma. Hapa kwetu popo, panya na nyuki wote wanapenda sana juu ya dari, na kundi la nyuki likishaweka masega kwenye kenchi zako (fremu za mbao zinazobeba paa), kulitoa ni kazi ya watu maalumu. Wavu wa mbu wa plastiki panya anautoboa.

Onyo la pili: tundu la juu lifunikwe na luva zinazoinama kuelekea nje. Mvua ya masika inakuja kwa pembeni ikisukumwa na upepo. Tundu lililoachwa wazi litakuchorea ramani ya maji kwenye jipsamu.

Kama nyumba yako ina paa la kuficha, lile ambalo wengi wanaliita kontemporari, sikiliza vizuri. Ukuta uliozunguka paa unazuia upepo, bati lina mwinamo mdogo, na nafasi kati yake na dari ni finyu. Nyumba hizi ndizo zinazochemka kuliko zote, na sasa zimejaa Njiro mpaka Soweto ya Moshi. Toboa matundu kwenye ukuta chini ya usawa wa bati, pande mbili zinazotazamana, ili hewa ipite moja kwa moja. Kenchi zako zikielekea upande mmoja, matundu yawe mwanzoni na mwishoni mwa kenchi hizo, hewa ipite katikati yake.

Hatua ya 3: Funga foili chini ya bati

Kama una pesa ya hatua moja tu kati ya hizi zote, weka hapa.

Foili inafanya kazi kwa kukataa kumulika joto, na inahitaji nafasi ya hewa mbele yake. Foili iliyobanwa katikati ya vitu viwili bila nafasi ni karatasi tu. Kwa nyumba ambayo tayari imeezekwa, fuata hivi:

a) Zima meni swichi. Siyo swichi ya taa, meni swichi. Foili inapitisha umeme, na pini ya stepla ikitoboa waya, foili nzima inaweza kuwa na umeme. Watu wamekufa kwa kosa hili. Fundi umeme akague viungio vyote kwanza na avifunge kwenye maboksi.

b) Anzia upande wa mbali na mlango wa dari. Kanyaga mbao za kenchi peke yake. Jipsamu haibebi mtu.

c) Tandika foili upande wa chini wa mbao za mteremko wa kenchi, ukifuata mwinamo wa paa. Kati ya foili na bati kutabaki nafasi ya unene wa mbao, na hiyo ndiyo unayoitaka. Isipungue sentimita 2 na nusu.

d) Upande unaong'aa utazame chini. Watu wanashangaa wakisikia hivi, lakini foili inayotazama juu inajaa vumbi, na vumbi likishakaa, kung'aa kumekwisha. Inayotazama chini inabaki safi miaka mingi. Ukipata inayong'aa pande zote mbili, nzuri zaidi.

e) Shona kwa stepla kila sentimita 20 hivi. Karatasi moja ipande nyingine kwa sentimita 10 hadi 15, ziunge kwa utepe.

f) Usizibe matundu ya hatua ya 2. Karibu na kofia acha uwazi wa sentimita kadhaa, na kule chini kwenye kingo pia. Hewa iliyo kati ya bati na foili inapopata moto, ipande itoke.

Kazi ya nyumba ya kawaida inakwisha kwa asubuhi mbili au tatu za mafundi wawili. Pima tena na upime darini kwa kiganja, saa ile ile ya alasiri. Mama mmoja wa Pasua, baada ya kufunga, alinipigia kuuliza kama mafundi hawakuharibu bati, maana jioni lilikuwa halisikiki tena kupasuka-pasuka kule chumbani. Bati linanyooka na kunywea vile vile. Sauti hupungua tu kwa sababu kuna kitu katikati.

Hatua ya 4: Ongeza sufi juu ya dari, kama bado

Hii ni kwa walioko Moshi chini, na kwa wenye paa la kuficha ambao hawana nafasi ya kufunga foili vizuri. Nunua mabunda ya sufi ya kioo (glass wool) au ya mwamba (rockwool) yenye unene wa sentimita 5 hadi 10, uitandaze juu ya dari kati ya mbao bila kuacha mapengo. Usiikandamize. Sufi iliyokandamizwa imepoteza hewa yake, na hewa ndiyo inayokinga.

Makosa ninayoyaona mara kwa mara:

Kufunika taa za kuzama. Acha nafasi ya sentimita 10 kuzunguka kila taa na kila transfoma yake. Zinapata moto, na zikikosa pa kulitolea joto zinaungua, na zinaweza kuunguza dari.

Kutandaza juu ya paa linalovuja. Sufi iliyolowa haikingi chochote na uzito wake unaangusha dari. Ziba mvujo kwanza, subiri mvua moja kubwa, ukague, ndipo utandaze.

Kutumia maranda au pumba za mpunga kwa sababu ni za bure. Tafadhali usifanye. Zinashika moto kwa cheche moja ya waya na panya wanazigeuza makazi.

Hatua ya 5: Rangi ya bati

Pita hapa haraka kama bati lako ni jipya na la rangi ya mwanga. Kama ni la zamani, limeanza kushika kutu, au ni la maruni na kijivu cha mkaa, rangi nyeupe ya paa inasaidia sana, kwa sababu inarudisha sehemu kubwa ya jua kabla halijawa joto. Safisha bati, kwangua kutu, paka praima ya chuma, kisha mikono miwili ya rangi. Siku isiwe na upepo wa vumbi wala dalili ya mvua.

Kama unavuna maji ya mvua kwa kunywa au kupikia, nunua rangi ambayo mtengenezaji ameandika kwamba inafaa kwa paa la maji ya kunywa, na mvua za kwanza baada ya kupaka ziache zimwagike. Anayepanda afungwe kamba kiunoni. Ghorofa halina huruma na mtu aliyeteleza.

Kama juu yako ni slabu ya zege badala ya bati, rangi nyeupe ya kuzuia maji ndiyo hatua yako ya kwanza, na baada yake kivuli: fremu ya mabomba yenye wavu wa kitalu, au pasheni inayotambaa, ikae juu ya slabu kwa nafasi ya kutosha mtu kupita. Slabu inahifadhi joto la mchana kutwa na kulitoa usiku kucha, kwa hiyo kuizuia isipate jua ni bora kuliko kuipoza ikishapata.

Hatua ya 6: Zuia jua la jioni nje ya kioo

Simama mbele ya nyumba ujue pande zako. Moshi: kaskazini ni mlimani, kusini ni kuelekea mashamba ya miwa ya TPC, mashariki ni Himo, magharibi ni njia ya Arusha. Arusha: kaskazini ni Meru, mashariki ni Usa River, magharibi ni Kisongo.

Madirisha ya kusini hayasumbui. Desemba jua la saa 6 mchana liko juu sana hata kwa upande huo, na ubaraza wa sentimita 60 juu ya dirisha unatia kivuli zaidi ya mita moja na nusu ya ukuta. Dirisha la magharibi ni habari nyingine. Jua la saa 11 jioni linaingia chini ya ubaraza wowote, linapiga kitanda moja kwa moja. Hapo unahitaji kitu cha kusimama wima.

Na kikae nje. Pazia zito la ndani linazuia mwanga, lakini jua limeshapita kioo, joto limeshaingia chumbani, na pazia lenyewe linageuka kuwa hita. Vioo vya giza navyo vinanyonya jua vikawa vya moto. Chagua kimojawapo:

- Chiki za mianzi au za mbao nyembamba zinazoning'inizwa nje ya dirisha. Ni rahisi, na fundi wa mtaani anaweza kuzitengeneza kwa vipimo vyako.
- Luva za mbao au aluminiamu za wima, zilizofungwa kwenye fremu sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye ukuta.
- Wavu wa kitalu uliofungwa kwenye fremu ya chuma. Hauvutii sana, lakini unafanya kazi leo leo.
- Boganvilia au pasheni kwenye waya zilizokazwa mbele ya ukuta. Waya ziwe mbali na ukuta kwa upana wa kiganja, ili mmea usishike plasta na hewa ipite.

Ukuta wenyewe wa magharibi upake rangi ya mwanga. Na kama kiwanja kinaruhusu, panda mti upande huo. Tembea Shanty Town, mtaa wa Moshi wenye miti mingi, saa 9 alasiri halafu nenda mtaa mpya usio na mti, utaona ninachosema. Mwembe, mparachichi au mgrevilea unafaa, mita 5 au zaidi kutoka kwenye msingi. Mkaratusi usiusogeze karibu na nyumba.

Hatua ya 7: Ingiza hewa ya mlimani usiku

Hapa ndipo sisi wa Moshi na Arusha tumebarikiwa kuliko watu wa Dar es Salaam, na wengi hatuitumii. Mchana, jua likipasha mteremko, hewa hupanda kuelekea mlimani. Usiku mambo yanageuka: hewa iliyopoa huko juu inakuwa nzito na kuteremka. Kilimanjaro iko kaskazini mwa Moshi, Meru iko kaskazini mwa Arusha, kwa hiyo katika miji yote miwili hewa baridi ya usiku huja zaidi kutoka kaskazini, hasa usiku usio na mawingu, ikizidi kuelekea alfajiri.

Fanya hivi:

a) Mchana, kuanzia kama saa 3 asubuhi, funga madirisha ya juu na teremsha chiki. Nje kukiwa na joto kuliko ndani, dirisha wazi linaingiza joto. Hili ndilo agizo linalopingwa kuliko yote, maana tumezoea kufungua kila kitu mchana. Angalia kipimajoto chako kitakusemea.

b) Jua likizama, subiri nje kupoe kuliko ndani. Arusha ni mapema, Moshi inaweza kufika saa 2 au 3 usiku.

c) Fungua dirisha la kaskazini chini na dirisha la kusini au la juu ya ngazi kule ghorofani. Hewa baridi inaingia chini, inasukuma ya moto itoke juu. Milango ya vyumba iache wazi, au weka luva juu ya milango kama mnahitaji faragha.

d) Hakikisha inapita kweli. Washa dawa ya mbu ya kuchoma, iweke kwenye ngazi ya kati, tazama moshi. Ukipanda na kuvutwa kuelekea dirisha la juu, umefanikiwa. Ukisimama wima na kutawanyika, kuna mlango umefungwa au tundu la kutokea ni dogo. Tafuta, fungua, jaribu tena.

e) Kama dirisha la juu ya ngazi ni kioo kilichofungwa moja kwa moja, badilisha kipande kimoja kiwe cha kufunguka. Ni pesa kidogo kwa faida kubwa.

Madirisha ya aluminiamu ya kusukuma yanafunguka nusu tu, hayawezi zaidi. Wavu wa mbu nao unapunguza hewa, lakini usiutoe. Usafishe, maana vumbi likijaa linaziba hewa zaidi kuliko wavu wenyewe. Kwa usalama, madirisha ya chini yanayobaki wazi usiku yawe na grili madhubuti. Kama huna, tumia madirisha ya juu peke yake, kaskazini na kusini.

Hatua ya 8: Feni

Sasa ndiyo feni. Feni inakupoza wewe, haipozi chumba, kwa hiyo ukitoka izime. Pangaboi lifungwe kwenye zege au mbao ya kenchi iliyoongezwa nguvu, kamwe lisining'inie kwenye jipsamu. Mapanga yawe juu ya mita 2.3 kutoka sakafuni.

Kwa nyumba isiyopata upepo, weka feni ya kusimama kwenye dirisha la juu upande wa kusini, ikitazama nje, saa mbili za mwanzo wa usiku. Inavuta hewa ya moto kuitoa, na hewa ya kaskazini inaingia kujaza nafasi. Watu wanaielekeza ndani kwa mazoea, igeuze.

Feni ya wati 60 ikizunguka saa 8 inakula karibu nusu uniti ya Luku. Kiyoyozi cha wati 1,000 kikifanya kazi saa hizo hizo bila kupumzika kinakula uniti 8. Kama mwisho wa yote bado unakihitaji, labda kuna mgonjwa au mtoto mchanga, kifunge kwenye chumba kimoja, baada ya foili na vivuli. Kidogo kitatosha, na hakitahangaika.

Ukikwama

*Nimefunga foili, tofauti ni ndogo.* Panda ukague. Mara nyingi foili imegusa bati, au matundu ya juu hayapo, au upande unaong'aa umetazama juu na umejaa vumbi.

*Mchana kumepoa, usiku bado joto.* Paa limepona, ukuta wa magharibi bado. Rudi hatua ya 6. Kama umeshafanya, basi hufungui madirisha muda wa kutosha usiku.

*Asubuhi naona matone chini ya foili au bati.* Hutokea miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, hasa Arusha. Unyevu wa ndani unapanda na kugeuka matone kwenye bati baridi. Ongeza matundu ya juu, na angalia kama feni ya bafuni haijaelekezwa juu ya dari. Itolewe nje.

*Julai vyumba vya juu vimekuwa baridi.* Funga madirisha ya kaskazini jioni na mchana pandisha chiki za magharibi, jua liingie. Foili na sufi viache, sufi inazuia joto la ndani lisitoroke pia.

*Chumba kimoja tu kinachemka.* Angalia kilicho juu yake na chini yake. Nimekuta mara nyingi kipo juu ya jiko lisilo na tundu la moshi, au fundi aliruka sehemu hiyo ya dari kwa sababu kenchi zilimbana.

*Nimepanga, mwenye nyumba hataki kutoboa.* Chiki za nje, hewa ya usiku na feni ya kutazama nje vinahamishika. Foili pia unaweza kumwomba. Mwonyeshe zile namba zako za saa 9 alasiri.

Kama bado hujaezeka

Mwambie fundi atandike foili juu ya kenchi kabla ya papi (mbao zinazopigiliwa bati) na bati lenyewe, ikilegea kidogo katikati ya kenchi na kenchi. Kazi ya siku moja, bila kuinama gizani. Chagua bati la rangi ya mwanga hata kama jirani kaweka maruni. Kingo za paa zitoke sentimita 60 au zaidi. Vyumba vya kulala viweke mashariki na kaskazini, na upande wa magharibi weka ngazi, bafu na stoo, vitu ambavyo hakuna anayelala ndani yake. Na mlango wa kupanda juu ya dari uchorwe kwenye ramani tangu mwanzo, upana wa sentimita 60 kwa 60, mahali ambapo mtu anaweza kusimamisha ngazi.